Mtundu Kuliko Wote

…na huyu mkwe, mke wa mjukuu, naye ameingia juzi tu katika ukoo, angejuaje, fundi seremala alijisemea, macho kwenye kikombe, amefanya alichoweza maskini, sebule ilikuwa imepooza, ndugu hawajaonana miaka na wanaulizana habari za mvua na bei ya saruji, kisha kila mtu anapuliza chai iliyokwisha kupoa, ndipo msichana huyo akasogeza kigoda karibu na mama, akapaza sauti kwa kuwa mama hasikii vizuri, "Bibi, hebu tuambie, kati ya wanao nani alikuwa mtundu kuliko wote?" na mdogo wa fundi, dereva wa lori, akadakia, "Mkwe, usiende mbali, kitambi hiki unachokiona kilianza na sukari ya kuiba!" watu wakacheka, mama hakucheka, na dada yao mwalimu akanyoosha shali ya mama upesi, "Mama amechoka, tumwache apumzike," na mama, "Sijachoka"… hajachoka, ni kweli, ni sisi… Kiroboto, ndiye jibu, kila mwenye mvi humu ndani analijua, Kiroboto kitinda mimba, aliyekuwa akitembea kwa mikono kuvuka sebule hii hii, miguu juu, mifuko ikimwaga gololi, homa ikamchukua kabla ndevu hazijamwota, na baada ya mazishi mama akakataa chakula, wakaogopa watazika wawili, basi hakuna aliyeamua, ilikuja tu, picha ikashuka ukutani, jina likaachwa, mgeni akiuliza mko wangapi tunasema watatu, tusimtoneshe mama kidonda… nao wajukuu wamekua, wameoa, hawajui kama walikuwa na baba mdogo… ngoja, alikuwa akisemaje yule, alipokuja karakana kulala juu ya maranda, nami namfukuza, toka mdudu wewe, naye anajibu, anajibu… kovu la kidevuni analiona, vidole vyenye gundi anaviona, midomo inacheza, lakini sauti haitoki, anayoisikia ni ya mwanawe mwenyewe, amejaribu tena, haipo, imekwenda lini, na dereva wakati ule alikuwa keshaanza kusafiri na malori, na dada alikuwa shule ya bweni, basi imebaki kwa nani ila kwa mama, yote yamo humo, kicheko chake, majibu yake ya ufedhuli, na sisi kila akifumbua kinywa tunamfunika blanketi, tunamwongeza chai, mama amechoka, mama alale, kumbe aliyekuwa akilindwa si yeye… "Bibi?" mkwe anauliza, na mama hamtazami mkwe, anamtazama yeye, kifungua mimba, jinsi mtoto anavyomtazama mkubwa kabla ya kunyoosha mkono kwenye sahani, Mungu wangu, aliyenizaa ananiomba ruhusa, ameniomba mara ngapi nami nakodolea chai… sema, mama, sema ungali na sauti yake, ukiondoka nayo tutakuwa watatu kweli… dada bado ameshika shali, mkwe bado ameinama, na fundi akatikisa kichwa tu, juu na chini, polepole, ndiyo, mama, ndiyo, wala hajui kama ameona, macho yake nayo siku hizi hayafiki mbali…