Mguu wa Mutuma

Fahali alimkanyaga Yattani kwenye kifundo cha mguu wa kulia siku ya soko la mifugo, wakati wakipandisha ng'ombe kwenye lori. Daktari aliunga mifupa kwa vyuma, na baada ya miezi minne Yattani alirudi sokoni kununua na kuuza kama zamani. Kilichogoma ni kifundo chenyewe. Hakikukunjika tena.

Kwa mfanyabiashara wa ng'ombe hilo si neno. Kwa mpiga gitaa lilikuwa neno kubwa.

Yattani alikuwa na bendi ya watu watatu: yeye mwenye gitaa, Habibo mwimbaji, na Mutuma mpiga dramu. Walialikwa harusini na kwenye sherehe za kaunti, na wimbo uliowajengea jina ulikuwa wimbo wa kisima. Humo Yattani alikanyaga wah, kile kifaa cha mguuni kinachofungua na kufunga sauti ya gitaa mithili ya mdomo wa mtu, na gitaa likaimba kama wanaume wanaopokezana ndoo kutoka kisimani, mmoja akiita, mwingine akiitikia. Wazee walioteka maji hivyo ujanani walikuwa wakiusikia wanainuka vitini.

Alijaribu mguu wa kushoto. Lakini huo ndio uliobeba uzito wake sasa, na kila alipouinua alipepesuka. Alijaribu kupiga ameketi. Mguu ukakanyaga kwa pupa hapa, ukachelewa pale. Wiki ya tatu akawaambia wenzake watafute mpiga gitaa mwingine.

"Kabla ya hiyo, nenda kwa Siham," Habibo alisema. "Yule fundi wa televisheni. Akishindwa, tutaongea."

Siham alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye duka dogo lililojaa simu na redio zilizofunguliwa matumbo. Yattani alipotoa salamu aliitikia bila kuinua macho, kisha akaona fimbo yake, akamsogezea kiti na kumwita ami kwa Kisomali.

"Kaa, adeer. Usisimame na huo mguu."

Alimsikiliza hadi mwisho, akaifungua wah kwa bisibisi na kuchungulia ndani.

"Kumbe ni hii tu? Ni kama ile ya kuongeza sauti ya redio. Ukikanyaga, hii inazunguka. Haijui imezungushwa na mguu ama na nini."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tutafute kitu kingine cha kuizungusha."

Aliagiza mota ndogo kutoka Nairobi, ya ukubwa wa kiberiti, akaifunga pembeni mwa kifaa pamoja na kibao cha kuiamrisha. Kisha akachukua rekodi ya wimbo wa kisima na kuandika kwenye kompyuta yake kila mahali gitaa lilipolia: sekunde ya arobaini fungua, ya arobaini na moja funga, hivyo hivyo hadi mwisho. Dukani, rekodi ikicheza, mota iligeuka barabara bila kukosea hata mara moja. Yattani alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ajali.

Waliijaribu mbele ya watu kwenye harusi moja kule Burat, saa tisa mchana. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili shangazi za bwana harusi waliinuka na kuja mbele wakicheza, na Habibo, kama afanyavyo siku zote, akarudia ubeti ili awataje mmoja mmoja kwa majina. Mashine haikuwa na habari za shangazi. Iliendelea na sekunde zake. Habibo alipokuwa akimsifu wa tatu kwa sauti ya chini, gitaa lilibweka juu ya jina lake. Watoto wakaangua kicheko. Yattani aliinama, akang'oa waya, na kumaliza wimbo kwa sauti kavu huku jasho likimtiririka.

"Hiyo mashine iko na haraka," Mutuma alisema wakifungasha vyombo. Alitaka kumchekesha. Yattani hakucheka.

Hakwenda dukani siku tano. Siku ya sita Siham alimfuata sokoni, akamkuta ameegemea ua wa mbuzi.

"Habibo ameniambia," alisema. "Nilikosea mimi. Niliifundisha saa, na nyinyi hampigi kwa saa. Niambie, adeer, mguu wako ulikuwa unajua aje wakati wa kukanyaga?"

Yattani alitaka kujibu kwamba ulijua tu. Alifumba macho, akapiga wimbo kichwani. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama upande wa kushoto wa Mutuma, na miaka kumi na mmoja lile dramu kubwa la chini, linalopigwa kwa mguu, lilikuwa likimgonga kwenye nyonga.

"Ulikuwa unamfuata Mutuma," alisema mwishowe, na yeye mwenyewe akashangaa. "Mguu wangu ulikuwa unafuata mguu wake."

Siham alikuwa amekwishageuka kurudi dukani.

Alitoa kile kisahani kilichomo ndani ya saa ya kengele, kinachohisi mtikisiko, akakibandika kwenye dramu kubwa. Sasa mashine haikuhesabu sekunde, ilihesabu mapigo ya Mutuma. Mbele ya Yattani akaweka kitufe kipana: akikibonyeza mara moja kwa kisigino cha mguu wake mgumu, bila kukunja kifundo, gitaa lianze kulia, akibonyeza tena, linyamaze. Na ile namna ya kulia hakuiandika mwenyewe. Alimwambia Yattani apige magoti, aushike ubao wa wah kwa kiganja, ausukume huku akiimba wimbo kimoyomoyo, na mashine ikariri.

Iliwachukua alasiri tatu. Siku ya tatu Siham alimwambia akae mbali, akaiacha mota icheze peke yake. Ubao ukainuka, ukashuka, ukainuka. Na kila uliposhuka ulisita kidogo chini kabla ya kuachia, kama mtu anayevuta pumzi. Hakuna aliyewahi kumwambia Yattani kwamba yeye husita pale. Alikitazama kile kipande cha chuma kikifanya tabia yake.

"Huyo ni mimi," alisema.

Tatizo jipya likawa Mutuma. Alipojua kwamba mguu wake unaendesha gitaa la mwenzake, alianza kupiga kama mtu anayevuka daraja bovu. Mazoezini wimbo ulikauka.

"Nikikosea, wewe ndio utaaibika," alilalamika.

"Hata zamani ulikuwa unakosea," Yattani alimwambia. "Nilikuwa nakufuata na makosa yako. Piga."

Siku ya utamaduni, uwanjani, Mutuma alianza akiwa ameuma midomo. Ubeti wa pili wazee sita kutoka Gotu walisogea mbele na kuanza kuitikia wimbo kwa mwendo wao, mzito, wa watu wenye ndoo mkononi. Mutuma aliwatazama, akasahau woga, akawafuata. Mapigo yakapungua kasi, na mota ikapungua nayo. Gitaa likalia polepole kuliko lilivyowahi kulia chini ya mguu wa Yattani. Mahali hapa tu yeye angemwacha Mutuma na kuwavuta wazee waende haraka. Alikuwa akifanya hivyo kila mara. Vidole vyake vilifuata, na alipiga wimbo wake mwenyewe akiusikiliza kama mgeni, kwa wivu kidogo, na raha zaidi ya wivu.

Walipomaliza, Siham alipenya hadi jukwaani kuuliza kimeharibika nini.

"Mota inapiga kelele ikishuka. Iwekee mafuta," Yattani alisema. "Na ule wimbo niliomtungia mama yangu, huo nitaupiga bila wah. Huo sitaki mtu aniingilie."

Jumanne iliyofuata Mutuma alikwenda dukani pamoja na Yattani. Alisema amekuja kutengenezewa simu. Siham alipomwomba simu yenyewe, akacheka, akavuta kiti karibu na mashine, akauliza ni pigo lipi hasa linaloifanya isite chini kabla ya kuachia.