Firigisi Iliyobaki Lubumbashi

Mzee Aristote wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, alikuwa na redio na alikuwa na subira, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya nyumba moja, mke hana raha. Kila jioni alimpa mkewe, Mama Wivine, taarifa ya maendeleo ya muungano. Nchi jirani zitaondoa ushuru. Kisha zitakuwa na soko moja, baadaye pesa moja, baadaye bunge moja, na mwisho wa yote, Mungu akipenda, rais mmoja.

"Polepole," alisema Aristote. "Kazi ya bantu bengi haikimbie."

"Na unga?" aliuliza Mama Wivine.

"Unga gani?"

"Unga ya Zambia. Inapanda bei tena. Uniambie, ile iko kwenyi hatua gani?"

Aristote akaongeza sauti ya redio.

Na kumbe muungano wenyewe ulikuwa umeshaanza pale pale sebuleni, bila redio kuutangaza. Bénie alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mama Wivine. Mama Wivine alimchukua angali anatambaa, akamlea, akamsomesha, na hakujaliwa mtoto mwingine. Siku moja Bénie alikwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kutafuta unga. Huko akakutana na Lombe, kijana wa Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka, dereva wa lori la unga. Foleni ya malori ya Kasumbalesa unaijua: dereva anaweza kuota ndevu pale, akanyoa, akaota tena. Lombe alipata nafasi ya kutosha ya kupenda. Yeye hakujua Kifaransa na Bénie hakujua Kiingereza, basi wakaelewana kwa Kibemba cha bibi zao, ambacho hakikuulizwa na mtu wakati mpaka ule unachorwa.

Familia mbili zikaanza mazungumzo. Mama Wivine alifanya kama serikali: alikubali, halafu akaomba muda. Mara ni Kwaresima. Mara ni msimu wa mvua. Mara wajomba hawajafika, na wajomba walipofika, mara nguo za wajomba hazijafika. Aristote alisema hicho kinaitwa kipindi cha mpito, na kwamba ni jambo la kawaida. Mtaa mzima ulijua kwamba si mpito wala nini. Mama hataki kumwachia mtoto.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, chilanga mulilo. Kwa Wabemba, mkwe hali chakula cha ukweni mpaka aonyeshwe moto: wanawake wa upande wa bibi harusi wapike kila wanachokipika kwao, wakipeleke kwa bwana harusi katika sufuria zilizofunikwa, wakifunue mbele yake moja baada ya nyingine. Kabla ya siku hiyo hata kipande cha muhogo haruhusiwi. Kwa hiyo Lombe alikuwa anakuja Lubumbashi, anakaa sebuleni, harufu ya kuku wa Mama Wivine inampitia puani, naye anaitazama kalenda ya ukutani na kumeza mate. Kalenda ile alikuwa ameshaihifadhi yote, pamoja na sikukuu za watakatifu.

Mwisho Bénie alimfuata mama yake jikoni. "Mama, miye ninachoka. Kama hautaki, sema hautaki. Lakini usiniambie tena mambo ya nguo za bajomba."

Mama Wivine alijibu kwamba anataka, tena sana, na akataja Jumamosi. Kisha akaenda kulia chooni, maana ndipo mahali pekee ambapo redio haisikiki vizuri. Alikuwa anaogopa. Hajawahi kuvuka mpaka ule maishani mwake. Kwake yeye Zambia ilikuwa ni mahali malori yanapoingia yakachelewa kurudi, na sasa lori moja lilikuwa linataka kumchukua Bénie.

Ijumaa parsele, yaani uwanja wa nyumba, ilijaa wanawake na mbabula, majiko ya makaa. Wakapika sombe ya majani ya muhogo, wakapika maharage, viwavi wanaoitwa vinkubala, samaki wabichi, bitoyo vya samaki wa chumvi, uyoga wa kukausha. Kuku alipikwa mzima, kwa sababu kuku wa mkwe hakatwi. Bénie mwenyewe alimsafisha, akatoa firigisi, akaiosha, akaiweka mkononi mwa mama yake. Firigisi ndiyo roho ya shughuli: hukaa juu ya kifua cha kuku, mkwe aione kwanza, ni yake yeye tu. Kuku akifika bila firigisi, moto haujaonyeshwa. Mtarudi nyumbani mkaanze upya.

Mama Wivine aliitazama ile firigisi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaifunga ndani ya plastiki na kuisukuma chini kabisa ya friza, chini ya bitoyo. Alihesabu hivi: ukweni wataona kasoro, watakataa, tutaomba radhi, tutapanga siku nyingine, na siku za kupanga anazijua yeye. Alijiona mjanja, na kwa kweli alikuwa mjanja. Ila hakufikiria zaidi ya hapo.

Asubuhi Aristote alitoka na redio sikioni. "Mpaka unafungwa kwa mizigo. Nchi mbili zinagombana juu ya bia na soda."

Moyo wa Mama Wivine uliruka kwa furaha, na uso wake ukafanya huzuni. "Ole wetu! Basi tuache."

"Muungano uko na homa kidogo," alisema Aristote. "Itapita."

Lakini Bénie alikuwa ameshakaa ndani ya gari la kukodi, sufuria ya kuku mapajani, na alikuwa ametazama mbele. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

Kasumbalesa malori yalikuwa yamelala barabarani mpaka jicho linachoka. Wanawake walishuka, wakajitwika sufuria, wakaanza kuimba, wakapita kando ya madereva mpaka kwenye kizuizi. Pale alisimama mtu wa duane, yaani forodha, aitwaye Alphonse, mnene kidogo, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu ugomvi wa soda uanze.

"Mizigo haipite, bamama."

"Si mizigo," alisema Mama Wivine. "Ni chilanga mulilo."

"Bon. Fungula nione."

Hapa Mama Wivine angeweza kufungua na mambo yakaishia hapo. Lakini kuna mambo mtu hayafanyi hata kwa ujanja. "Baba, mama yako ni muntu wa wapi?"

"Ni Mubemba. Juu ya nini?"

"Basi unajua. Mwanaume wa kwanza kufunuliwa hii sufuria njo mukwe. Nikikufungulia wewe, utamuoa mutoto wangu?"

Alphonse alimtazama Bénie. Bénie alimtazama Alphonse, macho makavu. Alphonse alikuwa na mke, na mke mwenyewe alikuwa anauza maandazi pale pale ng'ambo ya barabara na alikuwa ameshaacha kuuza, anasikiliza. Akarudisha mkono wake mfukoni.

Alivuka kwenda kuzungumza na mwenzake wa upande wa Zambia, bwana mmoja aitwaye Chanda. Walikuwa hawasalimiani tangu amri ya kufunga itoke, ingawa kabla ya hapo walikuwa wanaazimana kiberiti. Walisimama kwa muda, wakanyoosheana vidole, wakatikisa vichwa, kisha Alphonse akarudi na uamuzi. Sufuria haziruhusiwi kuingia Zambia. Lakini kati ya kizuizi hiki na kile kuna kipande cha ardhi ambacho kila nchi inasema usafi wake ni kazi ya mwenzie. Sufuria zikikaa pale, hazijafika popote. Bwana harusi naye aje pale, na aje mikono mitupu.

"Eneo huru la biashara," alisema Aristote. Alikuwa amelisikia miaka mingi. Hakutarajia kulikanyaga kwa viatu vyake.

Mkeka ukatandikwa. Lombe akaja amevaa suti, pamoja na mama yake na shangazi zake. Mama Lombe alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, asiyekunjua uso bure. Madereva wakashuka kwenye malori, wakazunguka. Mama Wivine akapiga magoti kama inavyotakiwa, akaanza kufunua. Hii ni sombe, kwetu tunaitia karanga. Hivi ni vinkubala, tunavikaanga mpaka vilie. Kila kifuniko kilipoinuka, madereva walipiga honi, na Lombe akameza mate kwa mazoea.

Kisha kuku. Mama Lombe aliinama na mwiko. Akamgeuza kuku ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, akachungulia chini.

"Firigisi iko wapi?"

Honi zikanyamaza. Chanda wa Zambia akageuza shingo polepole akamtazama Alphonse, na alisema neno moja tu: "Kongo."

"Mimi?" Alphonse alishika kifua. "Haki ya mama yangu, sikugusa! Waulize!"

Chanda alisema upande ule ndivyo ulivyo, kitu kinaingia kizima kinatoka na upungufu. Alphonse akasema mtu aliyefunga mlango wake hana haki ya kuuliza habari za kuku. Soda ikatajwa, bia ikatajwa. Mke wa Alphonse akaja na kuuliza kwa sauti kama mume wake ana tabia ya firigisi za watu. Chanda akaanza kurudi kwenye kizuizi chake akisema anakishusha na hakiinuki tena. "Unavunjika," Aristote alinong'ona. "Unavunjika mbele ya macho yangu."

Ujanja wa Mama Wivine ulikuwa umefanikiwa kupita alivyoomba. Ilibaki anyamaze tu. Alimtazama Bénie kuona kama analia, na Bénie hakuwa analia. Mtoto alikuwa amejua. Aliiosha ile firigisi kwa mikono yake na alijua alimkabidhi nani. Aliinamisha macho, akaona haya kwa niaba ya mama yake mbele ya wakwe wote. Hilo lilimchoma Mama Wivine kuliko harusi kumi.

"Iko Lubumbashi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasimama, magoti yana vumbi. "Ninasema iko Lubumbashi! Mu friza, chini ya bitoyo. Mumuache huyu baba, hakukula kitu. Ni miye niliificha. Nilisema kama moto haiishe, mutoto hatatoka. Niko naye yeye mumoja tu. Ninaogopa. Basi, munacheke."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa Lubumbashi walitamani ardhi ipasuke. Mama Lombe alikaa na mwiko wake mkononi, akimtazama mama mwenzake. Alipofungua kinywa alisema kwa Kibemba, nasi tunakitia Kiswahili.

"Hiyo friza ina umeme?"

"Inakatika-katika," alisema Mama Wivine.

"Basi tusichelewe. Mpaka ukifunguka, Jumapili hiyo hiyo tunakuja kuila huko huko kwenu." Akamgeukia mwanawe. "Wewe leo kula hii iliyopo. Una njaa tangu mwaka jana."

Lombe alikula. Tuseme tu alikula. Wengine walisema vibaya zaidi. Alphonse alipewa paja kwa kusingiziwa, na Chanda akapewa paja la pili ili pasiwe na malalamiko. Amri ya nchi mbili ilisema mizigo isipite. Haikusema lolote juu ya mzigo ulioko tumboni, na Chanda alirudi Zambia nao akijipangusa mdomo.

Soda na bia zikapatana baada ya muda, kama redio ilivyosema. Jumapili wakwe wakafika Kamalondo. Firigisi ikaliwa, kavu kidogo kwa barafu, na Lombe aliisifu bila kuangalia kalenda. Mama Lombe alirudisha sufuria kama desturi inavyotaka, zimeoshwa, ndani yake vitenge na unga. Harusi ikafungwa, wakacheza mpaka Aristote akapoteza kofia, na Bénie akapanda lori akaenda.

Nyumba ikawa kimya. Mama Wivine alikuwa anaandaa meza kwa watatu, kisha anaondoa sahani moja. Siku moja alitaka kupika kuku, akatoa ile sufuria kubwa, akatafuta kifuniko. Akatafuta kabatini, akatafuta uani, akapekua mpaka chini ya kitanda. Hakipo. Sufuria zote zilirudi na vifuniko vyake, isipokuwa ile ya kuku.

Akakaa kwenye kigoda na sufuria mapajani. Alifikiri habari za Mama Lombe, alivyomgeuza kuku ubavu huu na ubavu ule. Yule si mwanamke wa kusahau kifuniko.

"Aristote," aliita. "Zile karatasi za kuvuka mpaka, banatengenezaka wapi?"

Redio ilishushwa, jambo lisilo la kawaida. "Unaenda wapi?"

"Zambia. Kufuata kifuniko yangu."

Aristote alitaka kusema kwamba hiyo inaitwa hatua ya watu kupita huru. Alimwangalia mkewe usoni, akaona aiache. "Lakini ukishakipata? Utasema nini siku ingine?"

Mama Wivine alikuwa ameshasimama, anapanga kitenge chake kizuri zaidi ndani ya mfuko.

"Hiki kitenge," alisema, "ntakisahau kule."