Kura za Mtaa wa Nguzo Saba

Kwa miaka kumi na minane Ngolo Mwandu alikuwa katibu wa chama tawala katika mtaa wa Nguzo Saba, pale nyumba za Mpanda mjini zinapoanza kuyapisha mashamba ya mahindi ya Kakese. Siku hizo kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Wasukuma wenzake walipiga kura kama alivyowaambia, na Warundi waliopewa uraia walipiga kwa shukrani. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Lyamba, alishinda akiwa amekaa kwake anakula karanga.

Kisha viwanja vikapimwa. Walimu na manesi wakahamia na mabati yao ya rangi na kuta zenye mageti. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, chama kikamtuma Ngolo apite nyumba kwa nyumba, alete taarifa ya msimamo wa wananchi.

Alianza kwa Didace, mkulima wa mihogo ambaye hajawahi kumwangusha.

"Mzee Ngolo, karibu," Didace alisema huku akimvutia kigoda. "Ila safari hii sina hakika."

"Wewe? Si ndio sisi tuliokupa uraia?"

"Mlinipa, nashukuru. Nilipokuwa mkimbizi kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Sasa ni raia, na mimi ninune kidogo kama nyie."

Ngolo akaenda kwa nesi Hana, aliyemsikiliza getini bila kulifungua.

"Mimi sina chama, baba. Atakayeleta maji ya bomba ndiye wangu."

"Na asipoleta?"

"Namtoa. Kwani amenioa?"

Jioni Ngolo aliandika taarifa yake kwa mwandiko mzuri: *Wananchi wote wako nasi moyoni.* Hilo la moyoni aliliongeza kwa sababu nyuso zao zilisema vingine.

Kitu kimoja hakukiandika. Katika upimaji ule, mzee Lyamba alikuwa ametia saini njia ya ng'ombe igeuzwe viwanja. Tangu siku hiyo Ngolo aliwazungusha ng'ombe wake ishirini na wawili mwendo wa saa nzima kwenda mtoni, akiyapita mageti ya watu wanaoziba pua. Kwenye mikutano aliita jambo hilo maendeleo. Porini, nyuma ya mikia, aliliita kwa jina la Kisukuma lisilotafsirika mbele ya watoto.

Siku ya kura aliingia kwenye chumba cha darasa kilichogeuzwa kituo cha kura, akiwa na kofia ya chama kichwani. Akaishika kalamu. Mkono ulijua ulikozoea kwenda, lakini akawaona ng'ombe wake wakihema juani, ndimi nje. Akaweka alama kwa Katarina, mwalimu mstaafu wa chama cha upinzani, kisha akatoka nje na kumpongeza mzee Lyamba kwa ushindi.

Lyamba alishindwa kwa kura tisa.

Kesho yake chama kikaitisha kikao. "Kuna wasaliti humu," alinguruma mjumbe aliyetoka wilayani. "Iundwe kamati ya watu watano waaminifu kabisa, iwatafute. Mwenyekiti wake awe Ngolo."

Watu wakapiga makofi. Ngolo naye akapiga.

Nyumbani alifinyanga tonge lile lile la ugali. Mkewe, Monika, akakisukuma kando kibakuli cha mlenda.

"Baba Ngusa, sema."

Akasema yote, akiinamisha kichwa. Monika alimtazama mpaka kicheko kikamshinda.

"Na mimi simpendi yule mzee hata chembe! Nilimpigia kura kwa ajili yako tu, nikasema akianguka, mume wangu ataaibika."

"Ungeniambia!"

"Na wewe ungeniambia!" Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Hebu ngoja. Mmeshindwa kwa tisa. Wangerudi upande wenu watano tu, mngeshinda kwa moja. Kwenye hiyo kamati yenu, mpo wangapi?"

Ngolo akawakumbuka wenzake wanne kikaoni: mmoja mfugaji kama yeye, wawili waliopoteza mashamba kwenye upimaji, na shemeji wa Lyamba, ambaye hajasalimiana na mzee huyo tangu Pasaka. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Kamati ilikaa vikao vinne. Taarifa iliandikwa na Ngolo mwenyewe: *Msaliti hajapatikana. Uchunguzi unaendelea.* Wilayani waliisoma, wakaridhika sana na bidii yake, wakamteua awasake na wasaliti wa kata nzima.