Bendera ya Mwisho

"Binti, ardhi hii ni mwamba mtupu!" mwenye shamba alifoka kutoka juu ya trekta. "Unanipotezea muda na kitoroli chako hicho."

Mpimaji alisukuma taratibu kitoroli chenye rada ya kuona chini ya ardhi, macho kwenye skrini. Penye udongo mgumu mistari ililala. Penye uwazi chini ilibenuka kama mgongo wa paka, naye akachomeka bendera nyekundu. Mnunuzi wa shamba ndiye aliyetaka lipimwe, na kazi ilipofika ofisini mpimaji aliirukia.

Mzee mwenye shamba hakumtambua. Angemtambuaje? Siku ya mazishi ya dereva wake, mpimaji alikuwa mmoja tu wa wanawake waliokuwa wakilia. Dereva huyo, aliyezama na trekta humu shambani, alikuwa kaka yake, tumbo moja, mtu asiyewahi kuonja pombe. Mzee huyu alisimama kaburini akatangaza, "Alikuwa amelewa. Shamba langu halina shimo." Miaka mitatu sasa mama yao hatoki nje kwa aibu. Mpimaji alimchukia mzee kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso.

Alipopita mara ya nane, skrini ilionyesha uwazi wa upana wa chumba. Juu yake udongo ulikuwa umevurugwa. Shimo lilikuwa limefukiwa juujuu tu. Mzee alijua siku zote.

"Mzee, usiingie hapo! Bado sijachomeka bendera!"

Mzee akacheka, akakata kona na kusimama katikati kabisa. "Haya, nimezama?"

Chini kulisikika sauti ya gunia linalochanika. Gurudumu la nyuma likashuka shubiri nzima, na mzee akazima injini.

"Binti... nishukie wapi?"

Mpimaji alipajua. Skrini ilionyesha utepe mmoja mwembamba wa udongo mgumu; kama ulikuwa kushoto au kulia kwa trekta, ni yeye peke yake aliyejua. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu na kuinyanyua kumwelekea mzee.

"Nitakuonyesha. Ila mwambie mama yangu kwanza mwanawe alikunywa nini siku ile."

Mzee akamkazia macho, na safari hii akamtambua.

"Haloo?" sauti ya mama ikaita. "Nani mwenzangu?"

Udongo ulikuwa ukichururika chini ya gurudumu, kidogokidogo. Mkononi mwa mpimaji ilibaki bendera moja.