Desibeli Sabini na Tano

Shemeji alisema atafika Jumamosi saa kumi jioni kumchukua dada yangu.

"Huyo akili zimeshamruka," aliniambia kwenye simu. "Kaka yangu amekufa juzi tu, sasa mkewe anasema sauti za spika zinamhama. Ukinionyesha kuwa zinahama kweli, abaki kwake. La sivyo naifunga ile nyumba, naye anakuja kukaa kwangu, apende asipende."

Dada hakutaka kwenda. Marehemu mumewe aliipanga sebule ile kwa mikono yake, spika tano zikizunguka kiti kimoja, na tangu msiba ndipo mahali pekee anapopata lepe la usingizi. Lakini kila siku, alisema, sauti inageuka kidogo, kama mtu anayeacha kuzungumza nawe na kumgeukia mwingine.

Jumanne nilikuwa nimezipima. Niliweka kipima sauti kwenye stendi, pale kitini, usawa wa sikio lake. Nikawasha kelele ya kupimia, inayovuma kama bomba lililoachwa wazi, spika moja baada ya nyingine, nikirekebisha kila moja kwa rimoti mpaka isome desibeli sabini na tano. Niliandika yote kwenye daftari, nikaondoka na rimoti mfukoni.

Jumamosi, saa nane mchana, kiti kilekile, stendi ileile. Spika ya kati ilisoma sabini na moja. Ya kushoto sitini na nane. Ya nyuma kulia themanini.

"Dada, umegusa amplifaya?"

"Niguse nini, mdogo wangu? Mimi kitufe ninachokijua ni cha kuwasha tu."

Nilibadilisha betri za kipima, nikapima tena. Namba zilezile. Basi nikaibeba stendi hatua kwa hatua, nikitafuta mahali ambapo zote zingelingana. Nilipapata kwenye mdomo wa korido, mbele ya mlango wa chumba chao cha kulala. Lakini ilibidi niiinue stendi mpaka ipite kichwa changu. Hapo zote tano zilisoma sabini na tano.

Marehemu alikuwa mrefu kuliko sisi sote.

Nilisali kimoyomoyo, kisha nikaandika namba. Mwandiko ule hata mimi siusomi leo.

Shemeji aliingia bila kubisha hodi. "Haya, fundi wa masomo ya jioni! Umehitimu, au bado mnafundishwa kuchomeka waya?"

"Mashine ni nzima, shemeji."

"Si nilisema! Shemeji yangu, fungasha."

"Ngoja kwanza. Na yeye ni mzima. Njoo usome mwenyewe."

Alicheka, akaja. Nilirudisha stendi kitini, nikazirekebisha spika zote mpaka sabini na tano, kisha nikampa rimoti aishike yeye. Niliacha ile ya kati ikivuma. Tukasimama watatu tumeegemea ukuta.

Sabini na tano. Sabini na nne.

"Nani amegusa?" akauliza.

Sabini na mbili. Alizitoa betri za rimoti, akazifumbata kiganjani. Sabini na moja, na hapo ikatulia.

"Izime," alisema. Hakuwa na kicheko tena.

"Sasa niambie, nina wazimu?" dada akamuuliza.

"Huna. Ndiyo maana nakuomba, usilale humu. Twende, tafadhali."

"Ulisema zikihama kweli nabaki."

"Nilisema."

"Basi nabaki."

Shemeji aliweka rimoti na betri mezani taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akatoka. Geti aliliacha wazi.

Dada alikiburuta kiti chake mpaka mdomo wa korido, akaketi. Mimi nilizima amplifaya, nikachomoa na waya wake ukutani. Nilikwenda kusimama kando yake, kipima kikiwa mkononi. Nyumba ilikuwa kimya: thelathini na mbili.

Mara namba zikapanda. Arobaini na nane. Hamsini na tano. Zikashuka, zikapanda tena, kwa mwendo wa mtu anayezungumza kwa upole na kupumua katikati ya maneno. Mimi sikusikia kitu.

Dada aliinua uso, akatazama juu ya bega langu.

"Enhe," akasema. "Endelea."