Kijiji cha Wenye Miaka Ishirini

Adhuhuri king'ora cha machimbo kililia, na Bunrye akaweka viganja vyote viwili juu ya tuta la kaburi ili udongo usiporomoke. Baruti ikalipuka upande wa pili wa mlima. Ardhi ilitikisika chini ya magoti yake, kisha vumbi jeupe likapanda juu ya misonobari na kuanza kushuka taratibu juu ya nyasi, juu ya kitambaa chake cha kichwa, juu ya samaki mkavu aliyemwandalia mwanawe. Alimpangusa samaki kwa upindo wa blauzi, akamrudisha kwenye sahani. Kando ya sahani aliweka simu yake ya kukunja, imefunguliwa. Aliitazama. Ilikuwa siku ya pili anaisubiri ilie.

Tuta lenyewe lilikuwa dogo. Gyu-cheol alikufa na miaka ishirini na saba, hana mke, na kwa desturi yetu asiyeoa ni mtoto hata akiota mvi, hajengewi tuta. Wazee wa ukoo wa Maeng, wenye mlima, walimpa Bunrye kipande cha kuzikia kwa hisani na kumwambia pabaki tambarare. Alizika, akashukuru, kisha akawa anapanda na beseni la udongo kichwani, leo kidogo kesho kidogo, mpaka tuta likasimama. Hakuna aliyethubutu kumwambia alibomoe.

Jiwe lililomuua mwanawe lilitoka kwenye machimbo hayohayo. Kampuni ilisema marehemu si wao, ni wa mkandarasi. Mkandarasi akasema marehemu alisimama pasipostahili. Machimbo yakaendelea kula mlima, na sasa yalitaka nusu iliyobaki, pamoja na aliyelala ndani yake. Ukoo wa Maeng ulikwisha kuuza. Ilibaki sahihi ya mkuu wa wilaya.

Mkuu wa wilaya, Bwana Pyo, kalamu yake ilikuwa tayari. Aliyetaka kumng'oa kitini ni mwanachama mwenzake, mwalimu mstaafu aitwaye Cheon. Mwanamke huyo alipanda mpaka kaburini kwa miguu, viatu vimejaa tope, akamsujudia marehemu bila kuangalia kama kuna mpiga picha. Akasema, "Mama, mimi sitasaini." Bunrye hakuwahi kumwona mtu wa cheo akiinama mbele ya Gyu-cheol, hai wala mfu.

Huku kwetu uchaguzi wenyewe, wa mwezi wa sita, ni sherehe tu. Chama kikisimika ufito, ufito unashinda. Vita iko kwenye mchujo wa chama, na mchujo wetu hauna sanduku wala foleni: mashine huwapigia watu simu na kuwauliza wanamtaka nani. Chama kimekwisha kupanga watahojiwa wangapi wa kila umri. Kundi likijaa, mlango umefungwa. Wazee tumejaa huku, na kundi letu hujaa kabla chai haijapoa. Vijana wote wako Seoul, kwa hiyo kundi lao hubaki wazi siku nzima. Kila mwenyekiti wa kijiji analijua hilo.

Ndiyo maana, siku moja kabla ya simu kuanza kulia, Mwenyekiti Maeng alituma wito wa kipaza sauti, na wanawake wakajaa kwenye ukumbi wa kijiji. Walikaa kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, miguu imenyooshwa, mabakuli ya tambi mapajani. Maeng alisimama katikati yao.

"Haya, akina mama. Simu ikilia mnapokea. Mashine itauliza umri. Mama Il-nam, una miaka mingapi?"

"Themanini na moja," alisema Mama Il-nam, jirani wa Bunrye. "Magoti yana mia."

Wakacheka.

"Umekosea. Kuanzia kesho una ishirini. Unabonyeza moja."

"Ishirini? Basi nitafutie mchumba, mwenyekiti, nisije nikafa mwali."

"Mchumba utapata mchujo ukiisha. Umri?"

"Ishirini."

"Mkuu wa wilaya unamtaka nani?"

"Pyo. Sisi wasichana wa siku hizi hatusikii wala hatuoni kwa Pyo."

Hata Maeng alicheka mpaka akafuta macho. Akapita goti kwa goti, akiuliza umri, na vikongwe wakajibu ishirini, ishirini, wakifunika midomo kwa viganja. Mmoja alisita, akauliza kama si kosa kuidanganya mashine.

"Joto hilo ulilokalia, bibi, nani anahakikisha haliishi?" Maeng alimuuliza kwa upole. "Na kazi ya kuokota takataka, ile ya koti la njano, majina yanapita kwa nani?"

"Kwako, mwenyekiti."

"Umri?"

"Ishirini."

Alipofika kwa Bunrye, hakupunguza sauti.

"Mama Gyu-cheol, wewe sema umri wako wa kweli."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni mtu mkweli. Uongo utakusumbua roho."

Wanawake wakainamia mabakuli yao. Kila mmoja mle ndani alijua Bunrye angemtaja nani.

"Na mwanangu?" Bunrye alisema. "Mlima ukiondoka nimpeleke wapi?"

"Mama, tumemlaza bure miaka yote hii. Wako watu hai hawana pa kulala. Halafu hakuoa, hakuzaa. Kwa vitabu vya serikali lile ni kaburi lisilo na mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi?"

"Wewe ni mama tu. Ukifa, nani atakata nyasi?"

Bunrye alirudi nyumbani kwa hasira iliyomfanya apitilize mlango wake mwenyewe. Wewe ni mama tu. Alikaa jikoni bila kuvua viatu, jambo asilowahi kulifanya maishani mwake, na hapo ndipo alipoelewa. Kama miaka ishirini ilimfungulia Pyo mlango, ingemfungulia na Cheon. Dawa ya moto ni moto. Akaichukua simu ikiwa imezimwa, akafanya mazoezi: moja kwa umri, mbili kwa Cheon. Moja, mbili. Kidole chake gumba kilikuwa kinene, kimepasuka kwa kung'oa vitunguu vya watu, kikakanyaga vitufe viwili kwa pamoja. Akabadili kidole. Moja, mbili.

Asubuhi alipanda mlimani, maana nyumbani kwake mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Siku ya kwanza ilipita kimya. Kutoka chini alisikia makofi ukumbini kila simu ya mtu ilipolia. Siku ya pili ndiyo hii, na vumbi lilikuwa bado linashuka simu ilipoanza kutetemeka kando ya samaki.

Aliipokea kwa mikono miwili.

Sauti ya kike, safi, isiyovuta pumzi, ilimsalimu. Ikamshukuru kwa kushiriki katika demokrasia. Ikasema, "Kama una miaka kumi na minane hadi ishirini na tisa, bonyeza moja."

Kidole kilikuwa tayari juu ya moja. Macho yake yakaanguka kwenye tuta. Miaka hiyo ilikuwa ya huyu aliyelala hapa. Ndani ya miaka hiyo alinyoa ndevu mara ya kwanza, akatoka jeshini, akanunua pikipiki ya mkopo, akachimba mawe ya watu. Na hata hakuimaliza. Bunrye aliona kama anamvua maiti shati.

"Gyu-cheol, niazime," alisema. "Niazime mara moja tu, mwanangu."

Kidole hakikushuka. Sauti haikumsubiri. Ikapita thelathini, ikapita arobaini, ikapita hamsini na sitini. "Kama una miaka sabini na zaidi, bonyeza sita." Alibonyeza sita. Ndio umri wake, na alibonyeza kabla hajajua kwamba amebonyeza.

"Asante. Watu wa umri wako wamekwisha kutimia. Kwaheri."

Alibonyeza mbili. Akaibonyeza tena, na tena, kwa nguvu, mpaka kitufe kikabaki kimezama. "Cheon," aliiambia simu iliyokatika. "Nimesema Cheon." Alijitukana matusi ambayo hajawahi kumtukana hata mkandarasi.

Jioni Mama Il-nam alikuja na bakuli la tofu, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Yangu ililia," alisema.

"Ukasema nini?"

"Ishirini. Pyo."

"Mama Il-nam, Gyu-cheol ulimbeba mgongoni."

"Nilimbeba. Alinikojolea pia." Bikizee alimsogezea bakuli. "Nikivuliwa koti la njano nitakula nini, mwenzangu? Niambie wewe. Nitakula haki?"

Bunrye alitaka kumpiga kofi. Alipokea bakuli, akamwaga tofu kwenye sufuria, akaliosha bakuli na kumrudishia. Usiku ule alimchukia. Kesho yake alimhurumia, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko chuki.

Pyo alishinda. Gazeti la wilaya lilimpiga picha akicheka, na juu ya picha likaandika kwamba vijana wamesema. Bango lilitundikwa njia panda, kwenye kijiji ambacho shule yake ilifungwa kwa kukosa hata mtoto mmoja, likiwashukuru vijana hao.

Kampuni haikungoja mwezi wa sita. Ingoje nini, na ufito umekwisha kusimikwa? Walikuja asubuhi, wanaume wa makoleo na glavu nyeupe, na afisa mmoja wa wilaya mwenye makaratasi. Kabla yao Maeng alikuwa amepeleka vikongwe wa koti la njano wafyeke nyasi makaburini, ili makoleo yapite vizuri.

"Haya, vijana, kazi," aliwatania, na wawili watatu wakacheka kwa mazoea. Mama Il-nam hakucheka. Kaburi la Gyu-cheol lilipofukuliwa, alipiga magoti shimoni, akawa anaokota kwa vidole mifupa midogo iliyoachwa na makoleo, anaipangusa kwenye koti lake na kumpa Bunrye aliyekaa chini na sanduku mapajani.

Afisa alifungua kalamu. "Jina la marehemu?"

Bunrye akalitaja, jina na ukoo.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Muulize mwenyekiti," alisema Bunrye. "Yeye ndiye anayegawa miaka kijijini hapa."

Afisa akamtazama Maeng. Mapanga yalisimama kwenye nyasi. Maeng alikung'uta vumbi begani, akatazama juu kuliko vichwa vyao wote, kule ambako king'ora kilikuwa karibu kulia.

"Usipoteze muda, ndugu," alisema. "Hilo andika halina mwenyewe."

Afisa akaandika. Akachana karatasi, akailamba gundi, akainama na kuibandika juu ya sanduku, akiilainisha kwa kiganja kuanzia katikati hadi pembeni, huku Bunrye amelipakata.