Matofali ya Katikati

Zubeiri aliuzunguka ukuta wa bustani mara ya tano, na mara ya tano hakukuta jipya. Ulikuwa umeinamia ndani, upande wa mboga, na ufa wake uliweza kumeza ngumi. Akashusha timazi, akaikunja, akaishusha tena. Fundi mzima, mji wote wa Arua unamjua, alikuwa akihangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Shemeji, sema basi," Hajara akamwambia. "Tuzibe ama tubomoe? Mvua iko karibu. Sule ameandika kwa barua, neno ya Zubeiri ndiyo neno yangu."

Sule, mumewe Hajara, alikuwa sajini katika kambi moja huko kusini. Yeye na Zubeiri walitahiriwa siku moja. Kwa hiyo maneno yale ya barua, badala ya kumpa Zubeiri raha, yalimchoma.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Hajara akaongeza.

Zubeiri akacheka kicheko cha mdomoni tu. Methali nzuri, lakini aliyeitunga hakuujua ukuta huu. Huu ulizaliwa mgonjwa, na mkunga alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka wa sitini na moja, kule Aroi alikochomea matofali, mvua ilikuja kabla ya siku zake ikalinyeshea tanuri lake la matofali. Upande mmoja uliiva, mwingine ukabaki mbichi. Sule alitaka ukuta wake uishe kabla ya Idi, ukuta mnene wa kiaskari, na Zubeiri hakuwa na uso wa kumwambia rafiki yake angoje tanuri la pili. Akapanga yaliyoiva nje, pande zote mbili, na mabichi akayaficha katikati. Akapiga lipu, akasifiwa, akala pilau. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na miaka yote hiyo udongo ule ulikuwa ukinywa maji kidogo kidogo.

Kuziba ni kazi ya siku mbili, na siri ingebaki siri, ila siku moja ukuta ungemwangukia mtu. Kubomoa kungeianika uani kama nguo. Tena Ijumaa ya wiki hiyo hiyo wazee wa msikiti walikuwa wanachagua fundi wa kujenga madrasa mpya, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa lake.

"Ni mchwa," akasema mwishowe. "Mchwa imeharibu chini. Afadhali tubomoe."

"Mchwa inakula tofali?" Hajara akamkazia macho. "Shemeji, leo iko na nini wewe?"

Uongo ukaanguka kabla ya ukuta. "Basi tuzibe," Zubeiri akasema haraka. Hajara akafurahi, akaenda kuchota maji ya kukorogea udongo.

Hapo akaja Kaltumu, mama yake Sule, ambaye macho yalikuwa yamezimika mwaka wa nne sasa. Alikuja akipapasa, ungo wa mbegu za simsim kichwani, akaketi na kuegemeza mgongo ukutani kama afanyavyo kila alasiri.

"Mama, kaa upande ingine," Zubeiri akamwambia.

"Kwa nini? Hapa iko joto. Mgongo yangu inapenda."

"Ukuta iko mbaya, Mama."

"Wewe ndiyo ulijenga," Kaltumu akasema, akipepeta. "Mimi niogope nini?"

Zubeiri aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akamwinua mama mzee bila kumwomba ruhusa, akamkalisha mlangoni pa nyumba, akarudi na nyundo. Akapiga pale penye ufa. Tofali la nje likatoka zima, jekundu, zuri. La katikati likammwagikia mkononi, udongo mtupu wenye mizizi ya majani. Hajara alikuwa amerudi na ndoo, amesimama. La kuvunda halina ubani.

"Mchwa hapana," Zubeiri akasema. "Ni mimi. Niliweka mabichi ndani, na nilijua."

Hajara akatua ndoo polepole. "Mama iko kaa hapo kila siku. Watoto yangu walikuwa wanapanda juu. Na Sule iko ita wewe ndugu."

Zubeiri alitamani amtukane, yaishe. Hajara hakumtukana.

"Utabomoa yote, utajenga tena. Na Ijumaa utaambia wazee kwa mdomo yako mwenyewe. Mimi sitasema."

Aliwaambia. Wazee wakamshukuru kwa kusema kweli, kisha wakamchagua fundi mwingine.

Siku ya kuanza kujenga upya, alimkuta Kaltumu ameketi mkekani kando ya msingi, jiwe mkononi. Tofali lililoiva hulia likigongwa, na bichi huwa bubu. Kulijua hilo hakuhitaji macho.

"Lete," akasema.

Zubeiri akampa la kwanza. Alikuwa amelichagua mwenyewe, limeiva hadi ndani. Kaltumu akaligonga, nalo likalia vizuri. Zubeiri akanyoosha mkono kulipokea.

"Ngoja," Kaltumu akasema, akaligonga tena.